Mariga: Kiungo wa Muthurwa aliyefika kilele cha Ulaya

MCDONALD Mariga Wanyama alizaliwa jijini Nairobi mnamo Aprili 4, 1987 na kukulia Muthurwa, mtaa wa nyumba za wafanyakazi wa reli ulio hatua chache kutoka katikati ya jiji. Miaka 23 baadaye alikuwa miongoni mwa wachezaji wa akiba wa Inter Milan mjini Madrid, usiku ambao klabu hiyo ya Italia ilitawazwa bingwa wa Ulaya. Hakuna Mkenya aliyekuwa amefika hapo kabla yake. Hata hivyo, msimu huo nusura umpeleke kwingine kabisa, na kilichoamua mkondo wake hakikuwa uwezo wa miguu yake bali nafasi ya taifa lake katika orodha ya FIFA.

Soka ilikuwa mali ya ukoo. Babake, Noah Wanyama, aliwahi kuichezea AFC Leopards. Mdogo wake, Victor Wanyama, naye alikuja kuwa kiungo wa kutajika, ilhali dada yao, Mercy, aliichagua mpira wa vikapu. Wasomaji wetu walikuwa wakituuliza mara kwa mara iwapo Mariga na Wanyama wana uhusiano wowote, maana majina yao magazetini hayakufanana. Ni ndugu wa toka nitoke. Mkubwa alizoeleka kwa jina lake mwenyewe, mdogo akazoeleka kwa jina la baba.

Mariga alipitia klabu za humu nchini, zikiwemo Tusker na Pipeline, kabla ya kuelekea Uswidi mnamo 2005 kujiunga na klabu ndogo ya Enköping. Mwaka uliofuata alichukuliwa na Helsingborg, timu iliyokuwa na mshambuliaji mkongwe Henrik Larsson, na iliyotwaa Kombe la Uswidi mwaka huo huo wa 2006. Uswidi ilimfaa kijana wa umri wake. Ligi yake haina makeke, lakini maskauti wa mataifa makubwa huifuatilia kwa karibu.

Parma ilimchukua kwa mkopo mnamo 2007. Mwanzo ulikuwa mchungu, kwani klabu hiyo iliteremshwa daraja mwishoni mwa msimu wa 2007/08. Mariga hakukimbia. Alibaki nayo katika Serie B, ikarejea ligi kuu baada ya msimu mmoja, na ni katika msimu wa 2009/10 ambapo Waitalia walianza kumjadili kwa uzito. Alikuwa kiungo mwenye kifua kipana, mwepesi wa kunyang'anya mpira, na tofauti na wakabaji wengi, hakuona haya kuuvusha mstari wa katikati yeye mwenyewe na kupiga kutoka mbali. Katika kandanda ya Italia, ambapo kiungo hupimwa zaidi kwa mahali anaposimama kuliko kwa mbio zake, hiyo ilikuwa sifa isiyo ya kawaida kwa mchezaji aliyelelewa katika viwanja vya vumbi.

Mnamo Januari 2010, Manchester City ya Uingereza ilitaka kumnunua. Pande husika zilielewana, lakini akanyimwa kibali cha kazi. Kanuni za Uingereza za wakati huo zilimtaka mchezaji kutoka nje ya Ulaya awe ameshiriki asilimia 75 ya mechi za ushindani za taifa lake katika kipindi cha miaka miwili, na taifa lenyewe liwe, kwa wastani, miongoni mwa 70 bora duniani. Sharti la kwanza lilikuwa juu ya mchezaji. La pili lilikuwa juu ya Harambee Stars, na Harambee Stars ilikuwa mbali na 70 bora. Aliyekuwa Waziri Mkuu, marehemu Raila Odinga, aliingilia kati kumtetea kwa serikali ya Uingereza. Juhudi hizo hazikuuokoa uhamisho, na katika saa za mwisho za dirisha la usajili Mariga akatua Inter.

Si vigumu kueleza kwa nini Kenya ilikuwa chini kiasi hicho. FIFA iliifungia nchi hii mnamo 2004, ikaifungia tena 2006, mara zote kwa sababu ya mvutano wa uongozi na wanasiasa kujiingiza katika usimamizi wa mchezo. Vijana waliokuwa wakicheza kila wiki barani Ulaya walirudi nyumbani kwa timu isiyo na maandalizi. Katika mechi za mwisho za kufuzu Kombe la Afrika la 2010, Kenya ilipangwa na Nigeria, Tunisia na Msumbiji, ikamaliza mkiani.

Kinaya ni kwamba mlango uliofungwa London ulimfungulia mlango mkubwa zaidi Milan. Chini ya kocha Jose Mourinho, Mariga akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika Klabu Bingwa Ulaya. Mashabiki wengi wa Nairobi wanaikumbuka hasa Aprili 28, 2010, nusu fainali ya marudiano ugani Camp Nou. Inter walibaki wachezaji 10 kabla ya nusu saa kutimia, baada ya Thiago Motta kuonyeshwa kadi nyekundu, na wakajichimbia langoni mwao huku Barcelona wakiwazingira. Zikisalia dakika chache, Mourinho alimtoa Samuel Eto'o na kumwingiza Mariga. Inter walilazwa 1-0 lakini wakafuzu kwa jumla ya mabao 3-2.

Katika fainali ya Mei 22 dhidi ya Bayern Munich, Diego Milito alifunga mabao yote mawili. Mariga hakuingia uwanjani. Msimu huo Inter walitwaa pia ligi na Kombe la Italia, mataji matatu kwa mkupuo ambayo hakuna klabu ya Italia iliyokuwa imewahi kuyakusanya.

Baada ya hapo nyota yake ilififia, na haifai kulificha hilo. Mourinho aliondoka kwenda Real Madrid. Mariga alikopeshwa kwa Real Sociedad ya Uhispania mnamo 2011, kisha akarudishwa Parma, ambako jeraha baya la goti lilimwibia miezi mingi. Bahati nayo ilimpa kisogo: Parma ilifilisika mnamo 2015, na Latina, alikohamia baadaye, ikafilisika 2017. Alicheza Real Oviedo ya Uhispania, akamalizia Cuneo, timu ya daraja la tatu iliyokatwa pointi chungu nzima kwa matatizo ya fedha.

Victor alifuata nyayo zake hadi Helsingborg mnamo 2007, kisha akachukua njia yake mwenyewe kupitia Ubelgiji na Celtic hadi Southampton na Tottenham. Ndiye aliyeifikia ile ligi ya Uingereza ambayo kakake alikuwa amezuiwa kuingia. Victor aliiongoza Kenya kama nahodha katika Kombe la Afrika la 2019 nchini Misri. Mariga hakuwahi kucheza fainali hizo. Kenya ilishiriki 2004, kabla ya wakati wake, na iliporejea baada ya miaka 15 hakuwemo kikosini.

Mwaka huo wa 2019 alikuwa na kinyang'anyiro kingine. Reli inayopita karibu na Muthurwa huelekea magharibi na kukata katikati ya Kibera, na huko ndiko Mariga alikokwenda kuomba kura, kufuatia kifo cha mbunge wa Kibra, Ken Okoth, mnamo Julai. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilimkataa mwanzoni kwa kuwa jina lake halikuonekana katika sajili ya wapigakura, kisha kamati yake ya mizozo ikamruhusu. Alibeba bendera ya Jubilee, akipigiwa debe na William Ruto, aliyekuwa Naibu Rais, katika ngome ya Raila Odinga, yule yule aliyemtetea kuhusu kibali cha Uingereza.

Katika uchaguzi mdogo wa Novemba 7, Imran Okoth wa ODM, nduguye marehemu, alipata kura 24,636. Mariga alipata 11,230. Matokeo yalipobainika alimpigia Imran simu na kumpongeza, jambo ambalo wanasiasa waliobobea wa nchi hii hulifanya kwa nadra.

Mnamo Desemba 7, 2024, Mariga alichaguliwa makamu wa rais wa Shirikisho la Soka nchini, FKF, kwa tiketi moja na Hussein Mohammed. Shirikisho hilo lilikuwa limefungiwa na FIFA kwa mara nyingine mnamo 2022, kwa sababu zile zile za kale. Agosti 2025, Kenya ilipoandaa michuano ya CHAN pamoja na Tanzania na Uganda, Harambee Stars ilifika robo fainali na kung'olewa na Madagascar kwa penalti ugani Kasarani, mbele ya mashabiki wa nyumbani.