Masafa, Idadi ya Watu na Insafu katika Ugavi wa Mapato ya Kenya

Hujja iliyopata nguvu nchini Kenya tangu mabishano ya Seneti ya mwaka 2020, nayo imefungwa katika maneno mafupi yapendezayo sikioni, mtu mmoja, kura moja, shilingi moja, hudai kwamba mapato ya taifa yakigawiwa kaunti kwa kuhesabu vichwa vya watu, hapana atakayedhulumiwa. Sikubaliani na hujja hiyo, wala siidharau, kwani waitoao wana haki ya kusikilizwa: Kiambu ilihesabiwa watu 2,417,735 katika sensa ya mwaka 2019, na hospitali za kaunti yenye umma mkubwa kiasi hicho hazikosi msongamano. Lakini kura ni sauti, na sauti za raia yapasa ziwe sawa. Shilingi ya kaunti ni ya kununulia huduma, na gharama ya huduma haiwi sawa kila mahali.

Tuitazame Marsabit. Eneo lake hukaribia kilomita za mraba 71,000, toka Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana hadi Moyale mpakani mwa Ethiopia, na sensa hiyo ilikuta humo watu 459,785, yaani watu sita au saba katika kila kilomita ya mraba, ilhali Nairobi, yenye watu 4,397,073, ina zaidi ya elfu sita katika kila kilomita kama hiyo. Zahanati ya mtaa wa Nairobi huwahudumia maelfu wanaoifikia kwa miguu. Zahanati ya Marsabit yataka muuguzi yule yule, dawa zile zile na jokofu la chanjo lile lile, na juu ya hayo gari, dereva na mafuta ya kuwafuata wafugaji wanaohama na mifugo yao kutafuta malisho, na mwisho wa safari waliohudumiwa ni wachache. Tukigawa kwa vichwa peke yake, mtoto wa Marsabit atapewa shilingi sawa na za mtoto wa Nairobi, na chanjo asiipate.

Tena unyonge wa kaunti kama Marsabit haukuletwa na ukame tu. Serikali ya kikoloni iliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambamo Marsabit ilikuwamo, kwa amri zilizotokana na sheria ya mwaka 1902, ikazidi kuibana kwa sheria nyingine ya mwaka 1934, hata kuingia na kutoka kukawa kwa kibali. Baada ya uhuru, Waraka wa Kikao Na. 10 wa mwaka 1965 uliamua kwamba fedha za maendeleo zielekezwe pale zitakapozaa zaidi, penye ardhi njema, mvua, njia za usafiri na umeme; waliouandika waliamini kwa dhati kuwa faida ya huko ingewafikia wengine baadaye, na wengine hao wakangoja. Mwaka 1969 halmashauri za kaunti zikanyang'anywa shule za msingi, afya na barabara. Hata ulipoundwa, mwaka 1998, mfuko wa kuzipelekea serikali za mitaa asilimia 5 ya kodi ya mapato, kanuni yake ilitegemea zaidi idadi ya watu na msongamano wao mijini, kwa hiyo halmashauri ya watu waliotawanyika ilipunjwa mara mbili.

Kwa sababu hiyo naiona Katiba ya 2010 kuwa ni ulipaji wa deni, wala si hisani. Kanuni ya kwanza ya ugavi iliipa idadi ya watu sehemu 45 katika mia, mgawo sawa 25, umaskini 20, ukubwa wa eneo 8 na uangalifu wa fedha 2, na Turkana, kaunti nyingine ya kaskazini, ikawa miongoni mwa kaunti zilizopata fungu kubwa kuliko zote. Wako waliochukia. Ilipofika zamu ya kanuni ya tatu, Seneti ilishindwa kuafikiana kikao baada ya kikao, hata suluhu ikapatikana Septemba 2020 kwa ahadi ya kupandisha jumla ya fedha za kaunti toka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370, ili pasiwe na kaunti itakayopungukiwa. Amani ilipatikana, lakini kipimo cha insafu hakikuamuliwa: suala liliahirishwa kwa kuongeza mali.

Kipimo nikitakacho ni gharama ya kumfikishia raia huduma iliyo sawa na ya mwenziwe, ikihesabiwa kwa masafa na kwa upungufu wa barabara, maji na zahanati. Na fedha zifike kwa wakati, maana Nairobi zikichelewa huweza kujikimu kwa ada za maegesho na kodi za viwanja, ilhali Marsabit hutegemea ushuru wa minada ya mifugo, nao hukauka pamoja na visima.

Zaidi ya yote kuna Hazina ya Usawazishaji ya kifungu cha 204, asilimia nusu ya mapato ya taifa, iliyowekwa kwa maji, barabara, afya na umeme wa maeneo yaliyotengwa. Uhai wake ni miaka 20 tangu 2010, na mingi katika hiyo ilipotea katika ucheleweshaji na mashauri ya mahakama. Katiba yenyewe inaliruhusu Bunge kuurefusha muda huo, ikiwa zaidi ya nusu ya wabunge wote na zaidi ya nusu ya wajumbe wa kaunti katika Seneti wataridhia. Nawasihi waridhie kabla ya 2030, na miaka mipya ihesabiwe tangu siku fedha zitakapowafikia wenyewe.