Sheria Nyingi, Ardhi Moja: Kongo na Sera za Hali ya Hewa

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba wingi wa sheria si sawa na upatanifu wake. Mfano wetu ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyoridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Mabadiliko ya Hali ya Hewa mwaka 1995, ingali ikiitwa Zaire.

Tangu hapo maandiko yameongezeka. Mei 2002 serikali ilisimamisha utoaji wa vibali vipya vya kukata miti. Agosti ikatangaza Sheria ya Misitu. Oktoba 2005 amri nyingine ikathibitisha usimamishaji huo. Mwaka 2011 ikaja Sheria ya Mazingira. Mwaka 2021, mjini Glasgow, wafadhili waliahidi dola milioni 500 kwa ajili ya kuilinda misitu.

Lakini mwaka 2015 ilikuwa imetungwa pia Sheria ya Hidrokaboni. Julai 2022 vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi vilitangazwa kwa mnada. Baadhi yake viliingia katika vinamasi vya mboji vya Bonde la Kati, ambavyo, pamoja na sehemu iliyoko Kongo-Brazzaville, vilikadiriwa mwaka 2017 kuhifadhi tani bilioni 30 hivi za kaboni. Mnada ulifutwa Oktoba 2024. Mwaka 2025 vitalu 52 vikafunguliwa upya.

Msomaji asidhani kuwa huu ni ugomvi wa wenye mali wawili. Sheria Bakajika ya 1966 iliirudishia dola haki za ardhi, misitu na madini zilizotolewa kabla ya uhuru. Sheria ya 1973 ikaifanya ardhi yote kuwa mali ya dola. Mwenye mali ni mmoja. Waliogawanyika ni watumishi wake. Wizara moja hutazama miti, nyingine hutazama kilicho chini ya mizizi, na kila moja imeshika sheria halali. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Anayeumia ni mkulima au mvuvi aishiye juu ya ardhi hiyo, asiyejua neno la nani litasimama kesho. Kwa hiyo, kabla ya kuongeza sheria nyingine, yafaa ielezwe wazi inagusa sheria zipi zilizotangulia, na nani ataamua zinapogongana. Bila jibu hilo, kila andiko jipya litakuwa ahadi ambayo andiko jirani linaweza kuitangua.