Kitunguu Thomu na Maumivu ya Sikio

Ni mama gani wa pwani asiyejua dawa hii? Mtoto alia usiku kwa sikio. Kitunguu thomu chapashwa moto katika mafuta, yapozwa, atiwa matone mawili. Baada ya siku mbili mtoto acheza, na dawa yasifiwa. Jee, ndiyo iliyomponya?

Suali hili si la Wazungu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliweka katika kitabu cha pili cha Qanun masharti saba ya kuijaribu dawa. Mojawapo ni kuwa athari yake ionekane daima au mara nyingi. Ama sivyo, huenda imesadifu tu.

Mwaka 2001 madaktari wa Israeli waliwatibu watoto 103 wenye maumivu ya sikio. Baadhi yao walitiwa matone ya kitunguu thomu na mimea mingine mitatu katika mafuta ya zeituni, waliosalia matone ya ganzi. Wote walipata nafuu sawasawa. Wapenzi wa mitishamba walifurahi, na haki yao! Lakini mwaka 2003 madaktari hao walirudia kwa watoto 171, wakaona kuwa sehemu 80 katika 100 za nafuu ile zilikuja kwa kupita siku tu. Ndiko kusadifu alikokuhofia Ibn Sina.

Basi mama asilaumiwe kwa matone yake. Ila sikio linalotoka usaha au damu huenda ngoma yake imetoboka, na hapo mtoto aweza kupoteza usikizi. Hilo lisitiwe mafuta yoyote. Apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.