Sanamu ya mtu ndani ya kompyuta: Uso huchongwa, nguo hushonwa

Na Mwandishi Wetu

FEBRUARI 18, 2024, sanamu ya Mwalimu Julius Nyerere ilizinduliwa katika makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, Ethiopia. Picha zake ziliposambaa, baadhi ya Watanzania walihoji iwapo sura ile ilikuwa ya Mwalimu kweli. Agosti mwaka huo, mjini Eldoret nchini Kenya, sanamu za wanariadha ziliondolewa barabarani baada ya wananchi kuzikejeli.

Sanamu hizo zilisimama hadharani, lakini swali lililoulizwa ndilo linalomkabili mchongaji wa aina nyingine, asiyeshika patasi wala nyundo. Huyu ni mchongaji wa sanamu za kidijitali, anayefinyanga sura ya mtu halisi kwenye kompyuta na kumvika nguo, kwa ajili ya filamu, michezo ya kompyuta, makumbusho na matangazo.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo inavyofanyika, mahali ufanano unapopatikana au kupotea, na kwa nini mwenye sura ana haki ya kuulizwa kabla kazi haijaanza.

Udongo usiokauka

Sanamu ya kidijitali ni umbo la pande tatu lililohifadhiwa ndani ya kompyuta. Sehemu yake ya nje ni wavu wa vipande vidogo bapa, vya pembe tatu au pembe nne, vilivyoungana kwenye ncha zake. Kichwa cha kuanzia chaweza kuwa na vipande elfu chache tu. Kilichokamilika, chenye vitundu vya jasho na mistari ya midomo, hufikia mamilioni.

Mchongaji hutumia kalamu ya kielektroniki juu ya kibao maalumu. Akikandamiza, umbo huvimba au hubonyea kulingana na nguvu ya mkono wake. Mchonga vinyago wa Kimakonde akishaondoa kipande cha mpingo hawezi kukirudisha. Mfinyanzi huweza kuongeza udongo, lakini udongo hukauka. Huyu wa kompyuta huongeza, hupunguza na kufuta kosa la saa nzima kwa mguso mmoja.

Programu iliyoeneza uchongaji wa namna hii ni ZBrush, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1999 na kampuni ya Pixologic ya Marekani. Nyingine ni Blender, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2002 na kuongezewa uwezo wa uchongaji mwaka 2007. Blender hutolewa bure, jambo lililowawezesha vijana wengi wasio na fedha za leseni kuingia katika fani hii.

Ufanano hukaa wapi

Kazi huanza kwa picha. Mchongaji hukusanya picha za mhusika za mbele, za ubavuni na za pembeni, zikiwemo zilizopigwa katika umri uleule. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa kuwa kamera haisemi ukweli wakati wote. Picha iliyopigwa kwa karibu sana hukuza pua na kurudisha masikio nyuma. Anayetumia picha ya kujipiga kwa simu kama kipimo atachonga pua ambayo mwenyewe hana. Picha zilizopigwa kwa umbali wa mita kadhaa, kwa lenzi ya kuvuta, ndizo zinazofaa zaidi. Aidha, kamera iliyo ndani ya programu hurekebishwa ili ilingane na lenzi iliyopiga picha hizo.

Hatua ya pili ni fuvu. Mchongaji huweka kwanza maumbo makubwa: upana wa paji la uso, kimo cha mifupa ya mashavu, pembe ya taya na mteremko wa shingo kuelekea mabegani. Macho huwekwa takriban katikati ya kimo cha kichwa, jambo linalowashangaza wanaoanza, ambao huyapandisha juu kupita kiasi.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kukimbilia mikunjo ya ngozi. Ufanano haukai huko, bali kwenye umbali uliopo kati ya sehemu moja ya uso na nyingine. Ndugu yako humtambua akiwa mbali barabarani, kabla hujaona kope zake. Kwa sababu hiyo mafundi huipima kazi kwa kuipunguza hadi iwe ndogo kama stempu, au kuipaka nyeusi yote ibaki kivuli. Ikiwa mtu hatambuliki katika kivuli, mikunjo haitamwokoa.

Halafu kuna suala la pande mbili za uso. Programu huweza kunakili upande wa kulia kwenda kushoto, na hilo huokoa muda mwanzoni. Lakini hakuna binadamu ambaye pande zake zinalingana kabisa. Nyusi moja huwa juu kidogo, pua huegemea, tabasamu hupanda upande mmoja. Mchongaji asipoizima nyenzo hiyo mapema, hubaki na uso mzuri usio wa mtu yeyote.

Ngozi nayo ina siri yake. Mwanga haugongi ngozi na kurudi wote. Sehemu yake huzama ndani, husambaa, kisha hutoka mahali pengine. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Henrik Wann Jensen walichapisha njia nyepesi ya kukokotoa jambo hilo. Bila hesabu hiyo ngozi huonekana kama plastiki. Kwa ngozi nyeusi, mng'ao wa juu hubeba habari nyingi zaidi kuhusu umbo la uso, hivyo fundi anayechukua mipangilio ya ngozi nyeupe na kubadili rangi peke yake hupata sura iliyofifia.

Mtaalamu wa roboti wa Japani, Masahiro Mori, alieleza mwaka 1970 kwamba kitu kinachokaribia sana kufanana na binadamu, lakini kikakosa kidogo, humtia mtazamaji hali ya kutotulia. Mchongaji wa sura halisi hufanya kazi kwenye ukingo huo kila siku.

Rais apigwa picha kwa taa 50

Mfano unaojulikana ni sanamu ya Rais wa Marekani wa wakati huo, Barack Obama, iliyoonyeshwa Ikulu ya nchi hiyo Juni 2014. Kazi hiyo ilifanywa na Taasisi ya Smithsonian pamoja na Chuo Kikuu cha Southern California.

Rais aliketi mbele ya chombo chenye taa 50, kamera nane zenye uwezo mkubwa na nyingine sita za kuchukua eneo pana. Wataalamu wengine walizunguka wakiwa na mashine za mkononi, wakichukua umbo la kichwa na mabega yake. Taarifa hizo ziliunganishwa kwenye kompyuta, kisha sanamu ikachapwa kwa mashine ya pande tatu. Waliobuni mradi huo walivutiwa na vinyago viwili vya plasta vilivyochukuliwa usoni mwa Rais Abraham Lincoln, mwaka 1860 na mwaka 1865.

Hata hivyo, mashine haimwondoi mchongaji. Nywele humsumbua mno mpimaji, macho yanayong'aa hutoa vipimo vibovu, na mtu aliyeambiwa atulie hukaza uso. Mtu aliyefariki hawezi kupimwa hata kidogo. Katika hali zote hizo jicho la fundi ndilo linaloamua.

Nguo nazo zina sauti

Mtazamaji anaweza kusamehe kosa dogo la uso lakini akatilia shaka koti linalokaa kama bati. Nguo huonyesha uzito wa mwili ulio ndani yake, namna mtu anavyosimama, na hata hali yake ya maisha.

Zipo njia mbili za kumvika mtu wa kidijitali. Ya kwanza ni kuichonga nguo kama unavyochonga uso, mkunjo kwa mkunjo. Hufaa kwa sanamu isiyosogea. Fundi hapaswi kuchora mikunjo ovyo, kwani kila mkunjo una chanzo: kiwiko kilichokunjwa, kifungo kilichobana tumbo, bega linalobeba uzito wote wa koti. Mikunjo hutoka kwenye vituo hivyo kama njia zinavyotoka sokoni.

Njia ya pili ni ya fundi cherehani. Vipande vya nguo hukatwa bapa kwa vipimo, huwekwa kuzunguka mwili, kisha hushonwa kwenye skrini na kompyuta huviacha vianguke kwa uzito wao. Programu inayotumika sana kwa kazi hii ni Marvelous Designer ya Korea Kusini. Mwaka 1998 David Baraff na Andrew Witkin walichapisha hesabu zilizoharakisha kazi hiyo bila kitambaa kuvurugika. Mwaka mmoja kabla, filamu fupi ya Geri's Game ya kampuni ya Pixar, iliyoshinda tuzo ya Oscar, ilikuwa imemwonyesha mzee aliyevaa koti linalojikunja lenyewe kadiri anavyosogea.

Ili nguo ikae ipasavyo, fundi huiambia kompyuta uzito wa kitambaa na ugumu wake wa kupinda. Kitambaa cha shati la pamba huwa na takriban gramu 100 hadi 150 kwa mita moja ya mraba. Cha suruali nzito ya jinzi hukaribia gramu 400. Ukibadili tarakimu hizo, shati hugeuka kuwa turubai.

Mavazi ya kwetu yana mtihani wake. Kanzu huning'inia kutoka mabegani, hivyo mshono wa bega ukikosewa nguo yote huharibika. Kanga haina mshono wala kipande cha kukata, ni mstatili tu. Lakini haivaliki hadi ifungwe. Ugumu unahama kutoka kwenye kushona kwenda kwenye kufunga fundo, na pindo na maandishi lazima vifuate kila mkunjo bila kuvutika. Fundi ambaye hajawahi kuona kanga ikifungwa ataibandika kama sketi.

Sura ni mali ya nani

Teknolojia hii ilipokua, waigizaji walianza kuonekana katika filamu baada ya kufariki. Oliver Reed alifariki mwaka 1999 kabla ya kumaliza filamu ya Gladiator, na kompyuta ikatumika kukamilisha sehemu yake. Paul Walker alifariki Novemba 2013. Filamu ya Furious 7 ya mwaka 2015 ilikamilishwa kwa msaada wa ndugu zake wawili waliosimama mahali pake, huku sura yake ikijengwa na kampuni ya Weta Digital ya New Zealand. Mwaka 2016 filamu ya Rogue One ilimrejesha Peter Cushing, aliyefariki mwaka 1994, kupitia mwili wa mwigizaji Guy Henry.

Wapo waliofanya hivyo wakiwa hai na kwa hiari yao. Wanamuziki wanne wa ABBA walipimwa kwa kamera kwa wiki tano ili sura zao za ujana zijengwe kwa ajili ya onyesho lililoanza London Mei 2022.

Kwa wasio na majina makubwa hali ni tofauti. Waigizaji wa Marekani walipogoma kuanzia Julai 14 hadi Novemba 9, 2023, chama chao kilidai kwamba wazalishaji walitaka kuwapima waigizaji wa nyuma ya wahusika wakuu, kuwalipa ujira wa siku moja na kutumia sura zao daima. Wazalishaji walikanusha. Mkataba uliofuata uliweka masharti ya ridhaa na malipo, na mwaka 2024 California ilitunga sheria ya kulinda hata sura za waigizaji waliofariki.

Afrika Mashariki nayo ina sheria zinazogusa jambo hili. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Septemba 2023 mamlaka ya Kenya iliutoza ukumbi mmoja wa starehe wa Nairobi faini ya Sh1,850,000 za nchi hiyo kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Ikiwa picha moja yagharimu kiasi hicho, umbo kamili linaloweza kuvishwa nguo yoyote na kufanyishwa lolote halistahili uangalizi mdogo.

Kwa kijana anayeingia katika fani hii, ushauri ni kupata ridhaa ya maandishi kabla ya kuchonga sura ya mtu aliye hai. Kwa anayeombwa apimwe, yapo maswali manne ya kuuliza kabla ya kutia saini: umbo litatumika kwa kazi gani, kwa muda gani, litavishwa na kufanyishwa nini, na ni nani atakayelihifadhi kazi ikiisha.