Amri Mbili kwa Programu Moja: Historia ya javac na java Katika Mstari wa Amri

Anayejifunza Java kwa kutumia mstari wa amri hukutana mapema na jambo linaloonekana kuwa usumbufu usio na sababu. Akishaandika programu yake katika faili, tuseme Salamu.java, kwa desturi huandika javac Salamu.java, ndipo aandike java Salamu. Amri ya kwanza hutaja faili kwa jina lake kamili. Ya pili hutaja jina la darasa tu, na ikipewa Salamu.class hukataa. Tofauti hiyo haitokani na uzembe wa wasanifu. Chimbuko lake ni uamuzi uliofanywa katika kampuni ya Sun Microsystems mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Mradi wa Green ulianza mwaka 1991, James Gosling akiwa miongoni mwa wahusika wakuu. Walilenga vifaa vya kielektroniki vya nyumbani, ambavyo vichakataji vyake vilikuwa vya aina nyingi. Programu iliyotafsiriwa moja kwa moja hadi lugha ya kichakataji kimoja haikufaa kwa kingine. Kwa hiyo lugha yao, iliyoitwa Oak kabla ya kupewa jina la Java mwaka 1995, ilitafsiriwa hadi nusu ya njia tu: hadi baitikodi, yaani maagizo ya mashine pepe. Wazo hilo halikuwa jipya. Pascal ya Chuo Kikuu cha California, San Diego, ilikuwa imelitumia katika miaka ya 1970, na maandishi yanayoisifu Java kana kwamba ilizaliwa bila wazazi hayaitendei haki kazi hiyo.

Mgawanyo wa amri ulifuata mgawanyo huo wa kazi. Kompaila, javac, hukagua aina za data na kuandika faili la Salamu.class, ambalo baiti zake 4 za kwanza, kwa tarakimu za msingi wa 16, husomeka CAFEBABE. Amri ya java huamsha mashine pepe, nayo hulitafuta darasa kwa jina, huikagua baitikodi, kisha huanzia kwenye main. Kutafuta kwa jina badala ya faili ndiko kulikoipa Java nguvu yake: darasa lingeweza kutoka kwenye saraka, kwenye kumbukumbu iliyobanwa, au kwenye seva ya mbali kupitia intaneti.

Gharama ya uhuru huo ilimwangukia mtumiaji. Ilibidi mashine ielezwe mahali pa kutafutia, na kigezo cha CLASSPATH kikawa chanzo cha makosa kwa wanaoanza: kikiwekwa bila kutaja saraka ya sasa, mashine hudai kwamba darasa halipo ilhali faili lake li mbele ya macho ya mwandishi. Katika toleo la 1.1, aliyetumia chaguo la -classpath alipaswa hata kuongeza mwenyewe classes.zip, lenye madarasa ya msingi ya lugha. Toleo la 1.2, la Desemba 1998, liliyatenga madarasa hayo na kuuondoa mzigo huo.

Mnamo Septemba 2018, Java 11 iliruhusu amri moja: java Salamu.java. Wapo wanaolichukulia badiliko hili kuwa mwisho wa kutafsiri na kuiweka Java pamoja na lugha zinazofasiriwa mstari kwa mstari. Dai hilo halisimami. Kompaila bado hufanya kazi yake yote, ila baitikodi hubaki katika kumbukumbu ya kompyuta bila kuandikwa diskini. Ushahidi u wazi: programu yenye kosa la aina katika mstari wake wa mwisho haichapishi hata neno moja la mstari wa kwanza. Hatua ya kwanza ilifichwa tu, na kwa programu za faili moja pekee. Zenye mafaili kadhaa ya msimbo zilisubiri Java 22, Machi 2024.