Kutoka Uwanja wa Bujora Hadi Kumbi za Mlimani

Kisesa iko kiasi cha kilomita 20 mashariki ya jiji la Mwanza, katika barabara iendayo Musoma. Wasafiri wengi huipita wakiwa wamesinzia. Mimi nimeifahamu kwa sababu ya udugu: dada yangu aliolewa huko, na kila niendapo kumtazama, mumewe hunichukua kilimani Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padri David Clement, mmisionari aliyetoka Quebec. Huko, kila mwaka katika mwezi wa Juni, mavuno yakishaingia ghalani, hufanyika sikukuu ya Bulabo, na vikundi vya ngoma hukutana kushindana.

Mtu wa visiwani anayeona mashindano hayo kwa mara ya kwanza hutafuta meza ya waamuzi. Kwa desturi ya asili haipo. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja na upande wake wa uwanja, na mtazamaji huhukumu kwa miguu yake: akichoshwa na huku, huenda kule. Chenye umati mkubwa ndicho kilichoshinda. Wasukuma wamegawika hivyo tangu karne ya kumi na tisa, Bagika wakimfuata mganga Ngika na Bagalu wakimfuata mganga Gumha, na waganga hao hawakuwa mashuhuri kwa nyimbo tu bali pia kwa dawa za kuvutia watu. Ndiyo maana hapakosekani vituko: huyu anacheza na chatu shingoni, na yule anazungusha jembe kama kwamba ni unyoya. Msomaji wa mwambao hatastaajabu sana. Marini na Arinoti wa beni nao waliigawa miji yetu katika pande mbili, na mtu alijulikana kwa upande wake kama ajulikanavyo kwa mtaa wake.

Naanza na uwanja huu, ingawa ninachotaka kukieleza ni senema, kwa sababu ndiko lilikotoka swali aliloniuliza shemeji yangu mwaka 2018, siku niliyompeleka kutazama picha pale Mlimani City, Dar es Salaam. Tulikuwa tumesimama mbele ya milango ya kumbi, tiketi mkononi. Akawaona watu walionunua tiketi pamoja nasi wakiingia mlango mwengine. Akaniuliza:

“Shemeji, na wale wanakwenda kutazama nini?”

Nikamwambia, picha nyengine.

“Kwa saa hii hii?”

“Kwa saa hii hii.”

“Basi nani atajua ipi imeshinda?”

Sikuwa na jawabu. Nililipata baadaye, kwa kukumbuka alivyonihadithia juu ya ujana wake, na nilivyohadithiwa mimi na wakubwa zangu juu ya Unguja.

Shemeji yangu alikuwa kijana katika miaka ya 1960, wakati pamba ilipokuwa ndiyo fedha ya Usukuma. Muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, ulioundwa mwaka 1955 na ambao kiongozi wake alikuwa Paul Bomani, ulikuwa umewawezesha wakulima kuuza pamba yao wenyewe pasi na dalali. Msimu wa mauzo ukifika, vijana wa Kisesa walipanda baiskeli, wakapita Igoma na Nyakato, wakaingia Mwanza kwenda Liberty au Tivoli. Wawili juu ya baiskeli moja, kwa zamu ya kukanyaga. Picha ikimalizika usiku, walilala kwa jamaa au walirudi kwa mbalamwezi huku wakiigiza mapigano njia nzima. Waliobaki Kisesa, anasema, waliiona picha hiyo asubuhi yake, kwani aliyetoka mjini hakuruhusiwa kushika jembe kabla hajaisimulia yote, pamoja na nyimbo zake, ijapokuwa Kihindi hakijui.

Huku kwetu mambo yalianza mapema zaidi. Mwaka 1921 Hassanali Adamji Jariwalla alifungua Mjini Unguja jumba la Royal, lililochorwa na John Sinclair, yule yule Muingereza aliyechora majumba mengi ya serikali. Royal liliungua katika miaka ya 1950, na mahala pake Vuga likasimama Majestic mwaka 1955. Kulikuwa pia na Empire na Sultana. Picha za Kihindi ndizo zilizoteka nyoyo. Awara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957 ziliwatoa machozi watu ambao hawakupata kuiona Bombay hata kwenye ramani, na lahani zake zikaingia katika taarabu, zikavishwa maneno ya Kiswahili, zikawa zetu. Yalikuwapo maonesho ya wanawake peke yao, na bibi zetu waliotoka nyumbani kwa nadra walitoka kwa ajili hiyo, buibui kwa buibui.

Lakini katika yote niliyohadithiwa, jambo moja naliona kubwa kupita mengine. Mkanda mpya ulipofika ulikuwa mmoja, na wanaoutaka walikuwa wengi. Basi majumba mawili yaliuonesha usiku mmoja: la kwanza lilianza mapema, na kila kipande cha mkanda kilipomalizika, kijana mwenye baiskeli alikikamata akakikimbiza kwenye jumba la pili. Watu wa jumba la pili walikaa wakimsubiri. Akichelewa, walipiga miluzi, na akitokea alishangiliwa kama mchezaji wa mpira aliyetia bao. Picha moja, majumba mawili, mji mmoja. Siku ya pili, kwenye baraza za kahawa, sokoni na skuli, hapakuwa na haja ya kuuliza umetazama nini. Kilichobishaniwa ni kama mama alikuwa na haki ya kumpiga risasi mwanawe. Mashairi yametungwa juu ya ugomvi mdogo kuliko huo.

Kuna wanaosema kwamba senema hizo za zamani ziliuliwa na kumbi za kisasa za kwenye majengo ya maduka. Nathubutu kusema kwamba si kweli, na tarehe zenyewe zinakataa. Huku Unguja majumba yalitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Bara, Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na baadaye ikakabidhiwa uingizaji na usambazaji wa mikanda. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na wenye senema wakajikuta wapangaji wa Msajili wa Majumba katika nyumba walizojenga wenyewe. Mpangaji hakarabati paa la mwenye nyumba. Miaka ya 1980 fedha za kigeni zikaadimika, mikanda mipya ikaadimika nayo, na ile ya zamani ikaoneshwa mpaka ikakatika. Wakati huo huo video zikaingia majumbani. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Bara walisubiri hadi 1994, na ilipokuja ilikuja kwa kishindo. Vuga, Majestic lilibaki gofu kwa miaka mingi. Kumbi za Mlimani zilipofunguliwa, marehemu alikuwa keshazikwa.

Wala mrithi wake hakuwa Mlimani. Mrithi wa haki, kwa mtu wa Kisesa, alikuwa kibanda umiza: chumba cha mabati au maturubai, mabenchi ya mbao, televisheni moja, jenereta nje, na watoto wakichungulia matunduni. Jina lenyewe linaeleza hali ya migongo. Wasomi wetu wameudharau mno ukumbi huu, nami nilikuwa miongoni mwao. Humo ndimo ilimokua sanaa ambayo mpenzi wa ushairi angepaswa kuijua, ile ya mfasiri anayesimulia picha ya kigeni kwa Kiswahili huku ikiendelea. Ufundi huu ulishamiri Uganda, ukavuka ziwa na mpaka, na kwa upande wetu Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, aliufanya uwe maarufu nchi nzima. Hakutafsiri neno kwa neno. Alitania, alionya, alimpa mhusika jina la kwetu, alimhurumia aliyekufa. Huyo ni mtambaji wa ngano aliyepewa picha mahali pa moto wa kuni, na msikilizaji wake alimjibu kwa sauti kama ajibiwavyo mtambaji.

Hapa sina budi kuleta kisa kimoja cha Mwanza. Mwaka 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare juu ya samaki wa sangara wanaovuliwa ziwani na kupelekwa Ulaya kwa ndege, na juu ya umasikini wa wanaobaki. Ilisifiwa ughaibuni, ikateuliwa kugombea tuzo ya Oscar. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani kuwa imeichafua nchi, na Mwanza yakafanyika maandamano ya kuipinga. Shemeji yangu alikuwa mjini siku hiyo, akaingia katika msafara. Nilimuuliza kama aliwahi kuiona. Akacheka. Hakuiona siku ile, hajaiona hadi leo, wala hao waliokuwa kulia na kushoto kwake hawakuiona. Sisemi kwamba wangeiona wangeipenda. Huenda wangekasirika zaidi, na kwa hoja. Lakini mji uliokuwa ukisafiriwa kwa baiskeli ili kutazama masaibu ya Wahindi, ulioneshwa dunia nzima, na wenyewe ukapewa habari zake kwa mdomo.

Sasa turudi kwenye milango ya Mlimani. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 2006 katika ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Sam Nujoma, na ndani yake zimo kumbi za senema zaidi ya moja chini ya paa moja. Mtindo huu si wa jana. Mwaka 1963, mwaka ambao Zanzibar ilipata uhuru wake kwa Waingereza, Stanley Durwood alifungua katika jengo la maduka la Ward Parkway, Kansas City, senema yenye kumbi mbili zilizopakana. Hesabu yake ilikuwa ya mfanyabiashara: mashine za kumbi mbili huweza kutazamwa na mafundi wale wale, na mlango na duka la bisi ni moja. Picha isiyovuta watu hupelekwa ukumbi mdogo, na inayovuta hupewa mkubwa. Uingereza walikuwa na kumbi kumi mahali pamoja, Milton Keynes, mwaka 1985. Ukiitazama vyema, ni kinyume kamili cha yule kijana wetu wa baiskeli: badala ya picha moja kuunganisha majumba mawili, jumba moja linagawa picha nyingi, na watu pamoja nazo.

Tuliingia kutazama Black Panther. Nakiri kwamba viti vilikuwa vyema, sauti safi, na hapakuwa na mtu aliyetupa ganda la chungwa kutoka ghorofani, kama ilivyokuwa ada ya Majestic. Shemeji yangu alikaa wima muda wote. Nilimnong'oneza kwamba Lupita Nyong'o asili yake ni Kisumu, na Florence Kasumba, yule mlinzi mwenye mkuki, ni mzaliwa wa Kampala. “Kumbe watu wa ziwani,” akasema kwa sauti kamili, na baba mmoja safu ya mbele akageuka akamtazama kwa namna ambayo Tivoli isingemtazama mtu. Hakusema tena. Palipokuwa na pigano la kugombea ufalme kwenye maporomoko ya maji nilimuona akiinua mkono kutaka kushangilia, kisha akauweka juu ya goti.

Tulipotoka, milango miwili ilifunguka takriban kwa pamoja. Watu wa chumba chetu walichanganyika na watu wa chumba cha pili, waliokuwa wakitazama picha ya Kihindi, na wote wakaelekea nje kimya kimya, funguo za magari mkononi. Shemeji alisimama pale kati akiwatazama wanavyopita, kama anayehesabu umati wa Bagika na Bagalu.

Tulipanda daladala. Kwenye kiti cha mbele yetu walikuwa wasichana wawili ambao aliwatambua kuwa ni wa chumba cha pili. Akawagusa bega.

“Wanangu, shikamooni msinipe bado. Kwanza nambieni: huko kwenu ilikuwaje?”

Wakatazamana, wakacheka, kisha mmoja wao akageuka mzima mzima juu ya kiti, akaanza tangu mwanzo. Alipofika kwenye wimbo aliuimba. Kondakta aliyekuwa mlangoni alimsahihisha jina la muigizaji. Tulipita kituo chetu, na hakuna kati yetu aliyegonga bati.