Vita vya Draiva ya 2007: Ilani ya Mtu Haifutwi

Jameni, nyinyi mnaopenda kunakili faili kutoka mradi mmoja hadi mwingine, leo nina historia yenu. Natunza kifurushi kidogo cha programu huria chenye faili za watu mbalimbali, kila moja na leseni yake juu. Naulizwa kila mara: si ufute zote uweke leseni moja? Jibu langu ni ath5k.

Mambo yalianzia kwenye chipu za waifai za Atheros, zilizokuwa ndani ya laptopu nyingi enzi hizo. Msimbo wa sehemu inayozungumza na chipu yenyewe ulifichwa. Ulipewa faili ya mashine tu, basi. Kuanzia 2004, Reyk Floeter wa mradi wa OpenBSD aliichunguza chipu hiyo bila msaada wa kampuni, akaandika sehemu yake mwenyewe na kuitoa kwa leseni ya ISC. Leseni hii ni fupi mno: tumia, badilisha, hata uuze. Sharti ni moja tu, jina la mwandishi na maneno ya ruhusa yabaki katika kila nakala.

Watu wa Linux nao waliihitaji draiva hiyo. Agosti 2007 kikaletwa kiraka kilichoondoa maneno ya ISC kwenye faili za Floeter na kuweka GPL toleo la 2 mahali pake. Sasa, faili nyingine za draiva hiyo zilitokana na kazi ya Sam Leffler, na zenyewe zilikuwa na leseni mbili, BSD au GPL, uchague. Za Floeter hazikuwa na uchaguzi huo. Kiraka kikazitia zote kapu moja.

Theo de Raadt, kiongozi wa OpenBSD, alikuja juu: mwenye kazi pekee ndiye anayeweza kubadilisha leseni yake. Na uchungu ulikuwa wa kweli. Kazi iliyotolewa bure ingewekwa chini ya GPL, na marekebisho yake yasiweze kurudi kwa OpenBSD iliyoizaa.

Septemba 2007 wanasheria wa Software Freedom Law Center, Marekani, walitoa mwongozo. Kwa ufupi: ilani ya zamani ibaki ilivyo. Ukiongeza kazi kubwa ya kwako, ongeza jina lako na leseni yako, bila kugusa ya mwenzako. Na ukitaka ushirikiano uendelee, toa nyongeza zako kwa leseni ile ile ya mwanzo.

Draiva ikaingia Linux 2.6.25, Aprili 2008. Fungua faili zake uone: jina la Floeter lipo, na chini yake maneno ya ISC, ndani ya keneli ya GPL. Hakuna kilichovunjika.

Tangu Linux 4.14 ya Novemba 2017, faili nyingi za keneli zimepata mstari wa SPDX unaotaja leseni kwa kifupi. Unarahisisha kazi ya mashine, ila haukupi ruhusa ya kufuta jina la mtu.

Kwa hivyo nikipokea faili, nasoma ilani yake kwanza, naiorodhesha kwenye faili ya hakimiliki ya kifurushi, na palipo na utata namwandikia mwenyewe. Wengi wetu hatulipwi kwa kazi hii. Jina lililo juu ya faili ndilo malipo yenyewe.